Mkasi wa Daktari Pamba

"Hakuna sumu," alisema daktari wa maiti.

Inspekta alikuwa hajaingia vizuri. Mguu mmoja ulikuwa ndani ya ofisi na mwingine kwenye korido, kwa kuwa alikuja kuchukua jibu na kuondoka nalo. Gari lilikuwa linanguruma uani. Mchana huohuo mtuhumiwa wake alitakiwa kusimamishwa mbele ya hakimu, na kesi nzima ilikuwa inasubiri neno moja tu, jina la sumu.

"Hebu rudia."

"Hakuna sumu tumboni, hakuna kwenye ini, hakuna kwenye damu. Hata kwenye kile kikombe ulichoniletea kimefungwafungwa kama zawadi ya harusi, hakuna. Kuna maziwa. Ya ng'ombe, kama unataka jina lake."

Inspekta aliuingiza mguu wa pili, akafunga mlango.

Daktari wa maiti alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, na hospitali nzima ilimwita Hadubini, kwa sababu hakuamini kitu chochote ambacho hakijapita chini ya lenzi yake. Watu walisema hata mume wake alimkubali baada ya vipimo. Inspekta alikuwa amefanya naye kazi miaka mingi, na hakuwahi kumsikia akikosea. Ndiyo maana alivuta kiti na kukaa bila kukaribishwa.

Alikuwa na kesi nzuri, bwana. Kesi iliyojipika yenyewe. Marehemu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili, aliyetolewa rovu shingoni katika hospitali hiihii. Alirudi nyumbani anacheka, kidonda kikavu, sauti yake ileile ya kunyamazisha darasa. Kesho yake midomo ikaanza kufa ganzi. Vidole vikawa vinachomachoma. Jua lilipopinda mikono ikakakamaa, koo likabana, pumzi ikawa inapiga filimbi, na kabla gari halijapatikana roho ikawa imekatika.

Mume alikuwa kazini mji wa mbali. Aliyekuwa anamuuguza ni wifi yake, dada wa huyo mume, aliyeachika akarudi kwa kaka yake akapewa chumba cha nyuma. Majirani walikuwa tayari kuapa kwamba siku ya ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo, wifi alimwambia mwalimu, "Siku ukifa, mimi nitalala usingizi mnono." Na siku ya kifo, tangu asubuhi, alikuwa anampelekea vikombe vya maziwa, kimoja baada ya kingine.

"Alikuwa anamlazimisha!" mama wa marehemu alimwambia Inspekta, macho makavu kwa hasira. "Mwanangu analia midomo imekufa ganzi, na yeye anachemsha mengine! Mimi ndiye niliyekikamata kile kikombe. Mimi ndiye niliyeyamwaga maziwa yote yaliyokuwa jikoni."

Kikulacho ki nguoni mwako. Inspekta alisema hivyo kwa sauti, mbele ya majirani, kisha akamtia wifi ndani.

"Kama si sumu," alisema sasa, "kilichomuua ni nini?"

"Sogea hapa, uone mwenyewe."

Hadubini alimwekea kioo chini ya lenzi. Inspekta alifumba jicho moja, akaona rangi ya zambarau na waridi, madoadoa kama kitenge kilichochuja.

"Sioni kitu."

"Hapo unatazama kitezi. Nyuma ya tezi kubwa ya shingo, ile inayovimba ikaitwa rovu, kuna vitezi vinne vidogo. Kila kimoja ni kama punje ya dengu. Kazi yao ni moja tu, kulinda kalsiamu ya damu isishuke. Vikifa vyote, kalsiamu inashuka, na ikishuka neva na misuli vinaingia wazimu. Midomo ganzi, vidole ganzi, mikono inakakamaa. Mwisho koo linajifunga lenyewe."

Inspekta aliondoa jicho kwenye lenzi. Alikuwa amesikia maneno hayohayo, kwa mpangilio huohuo, kutoka kwa mama wa marehemu.

"Basi daktari alivikata."

"Ingekuwa hivyo ningekupa jibu kwa simu. Hakuvikata. Vyote vinne nimevikuta mahali pake, havina jeraha hata la kucha." Hadubini alikigusa kioo kwa ncha ya kalamu. "Vimeiva."

"Vimefanya nini?"

"Vimeiva, Inspekta. Kama yai lililokaangwa upande mmoja. Upande unaotazama katikati ya shingo umeungua, na mishipa yake midogo imeungua nao. Vyote vinne, upande uleule."

Inspekta alitoa daftari lake.

"Nani alimpasua?"

"Pamba."

"Haiwezekani!"

"Ndivyo nilivyosema mimi. Nikatengeneza vioo upya, nikatazama tena."

Daktari Pamba ndiye aliyempasua mama mzazi wa Inspekta miaka ile ya mkasi na uzi, na kovu lake mpaka leo lilihitaji kutafutwa. Jina alipewa na mgonjwa mmoja kipofu aliyesema mikono ya daktari huyu ni pamba tupu. Watu walisafiri mbali kuja kupasuliwa na yeye, na wengine walikubali kungoja mpaka arudi likizo kuliko kuguswa na mwingine.

"Lizime gari," Inspekta alimpigia simu dereva wake. "Hatuendi popote."

*

Pamba alikuwa mzee mrefu, mwenye sauti ya chini, anayeshika hata kalamu kama inayoweza kuumia. Alimkaribisha Inspekta ofisini na kumuulizia hali ya mama yake. Inspekta alijibu hajambo, kisha akauliza alichokuja kuuliza.

"Daktari, vile vitezi vinne vya mwalimu. Uliviona?"

"Niliviona vyote, kimoja baada ya kingine. Nikavitenga pembeni kama mtu anavyotenga mayai, kisha nikaitoa tezi kubwa. Kwa nini?"

"Vimeungua."

"Nani kasema?"

"Hadubini."

Pamba aliinuka, akakaa tena. Hakugomba wala hakumtukana Hadubini, na hilo Inspekta aliliweka akilini, kwa sababu mwongo huanza kwa kumchafua shahidi.

"Ulitumia moto?" Inspekta aliuliza.

"Tunatumia mkasi wa umeme. Ni mashine mpya. Meno yake yanatetemeka kwa kasi ambayo jicho haliioni. Yakibana mshipa, yanaukata na kuuziba palepale. Hakuna uzi wala damu. Lakini karibu na vitezi mimi siuwashi. Siuwashi kabisa. Muulize Sista, hakosi upasuaji wangu hata mmoja."

Sista wa chumba cha upasuaji aliitwa. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kengele, na alipoelezwa alishika kiuno.

"Hauwashi! Mimi nina masikio. Mkasi ule ukiwashwa unalia tiii, na yeye akikaribia vitezi mlio unakatika. Nitaapa mbele ya hakimu, nitaapa mbele ya Mungu, chagua mwenyewe."

"Labda mashine ni mbovu. Inavuja umeme."

"Fundi wa vifaa ameikagua wiki hii. Nzima kuliko mimi na wewe."

Inspekta aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa amehoji waongo wa kila aina, wanaotokwa jasho na wanaotabasamu, na kwa hawa hakuona hata chembe. Hilo lilimtisha zaidi.

"Vitezi vinne vimeiva, na aliyepasua hakuwasha," alisema. "Kama mmoja wenu angekuwa anadanganya ningejua pa kuanzia. Daktari, nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Kila ulichofanya. Hatua kwa hatua."

Sista aliagiza nyama jikoni kwa wapishi wa hospitali, ikaja mapande mawili yenye mafuta yake. Inspekta alivikwa joho la kijani na kofia ya kijani. Alipojiona kwenye kioo cha mlango alionekana kama kabichi lililopandishwa cheo, na Sista hakujizuia kucheka. Ilikuwa mara ya mwisho mtu kucheka ndani ya chumba kile siku hiyo.

Taa kubwa iliwashwa. Nyama ililazwa kwenye trei, na Pamba akachagua vibonge vinne vya mafuta, rangi ya samli, akavipanga.

"Tuseme hivi ndivyo vitezi," alisema. "Hii nyama katikati ndiyo rovu. Nakuja hivi, mbali navyo."

Mkasi ulilia tiii. Moshi mwembamba ulipanda, nyama ikaachana bila tone. Ulikuwa ufundi wa kutazamika. Mlio ukakatika.

"Umesikia?" alisema Sista. "Kimya."

"Nimesikia. Endelea, daktari."

Inspekta hakuwa anatazama palipokatwa. Katika kazi yake alikuwa amegundua kwamba watu huwa waangalifu sana wanapotenda lile jambo lenyewe, na hujisahau katikati ya jambo na jambo. Mwizi mmoja alifuta alama zote kwenye kabati, halafu akaegemea ukuta kupumzika. Kwa hiyo alitazama mikono ya Pamba mahali ambapo haikuwa na kazi.

Mikono ilikuwa imefunga meno ya mkasi. Kwa ncha iliyofungwa ikakiegemea kibonge cha kwanza na kukisukuma pembeni, polepole, kwa upole wa mama anayemgeuza mtoto aliyelala. Kisha tiii, mbali. Kisha kimya. Kisha ncha ileile, kibonge cha pili.

"Simama hapohapo," alisema Inspekta.

Mikono ilisimama.

"Huo mkasi umewashwa?"

"Haujawashwa. Si unasikia uko kimya?"

"Nasikia. Lakini hayo mafuta yanayeyuka."

Wote watatu waliinama. Chini ya ncha ya mkasi kibonge cha mafuta kilikuwa kimeanza kung'aa, na tone safi kama maji lilikuwa linateremka ubavuni mwake, likafika kwenye trei, likaganda.

Sista alichukua kipande cha shashi kilicholowa, akanyoosha mkono, akakigusisha kwenye ncha. Shashi ililia chwii, na mvuke ukapanda mpaka kwenye taa.

"Yesu wangu," alisema Sista.

Pamba hakuweka mkasi chini. Alibaki ameushika vilevile, anautazama.

"Nimekata kwa mkasi wa chuma maisha yangu yote," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imeshuka chini zaidi. "Ukikata, unafunga meno, unasukuma kwa ncha. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha wote waliopita hapa. Mkasi wa chuma ni baridi, hauwezi kumdhuru mtu ukiwa umefungwa. Mkono unafanya wenyewe, siufikirii."

"Mazoea yana taabu," Inspekta alisema, si kwa kebehi.

"Aliyekuja kutufundisha mashine alisema," Sista aliingilia, machozi yameanza. "Alisema, mkimaliza kukata, subirini kidogo upoe. Mimi mwenyewe nilimsikia! Tulidhani anasema kwa ajili ya vidole vyetu. Sisi tunaoufuta. Basi mimi nikawa makini sana na vidole vyangu."

Pamba aligeuka kumtazama Inspekta, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyefungua mlango wa chumba chake akakuta chumba hakipo.

"Nilikuwa navisukuma pembeni ili nisivichome," alisema. "Unanielewa? Kila nilipovigusa, nilikuwa naviokoa."

Inspekta alimwelewa. Angependa kumwacha akae, amletee hata maji, lakini swali lililofuata halikuweza kungoja.

"Nani mwingine?"

"Nini?"

"Nani mwingine umemtoa rovu kwa mkasi huu?"

Sista ndiye aliyekumbuka kwanza. Alijipiga kifuani. "Fundi wa nguo! Yule wa jana. Anaruhusiwa leo."

"Leo? Mwalimu naye mlimruhusu haraka hivyohivyo?"

"Zamani walilala mpaka siku ya tatu," alisema Pamba, tayari anavua glavu, "na siku ya tatu tulikuwa tunawapima damu. Mashine ilipokuja, vidonda vikawa vikavu, tukaanza kuwaruhusu mapema. Wagonjwa walifurahi. Na mimi nilifurahi. Kipimo kilikuwa cha siku ya tatu, na siku ya tatu hakuna mtu kitandani."

Hakungoja jibu. Mzee yule, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha, alitoka mbio kwenye korido na joho lake la kijani, na Inspekta nyuma yake na kofia yake ya kabichi.

*

Fundi wa nguo alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshavaa viatu, kifurushi mapajani, kitambaa kizuri kimefungwa juu ya bandeji ya shingo.

"Ala! Daktari mwenyewe kuja kuniaga!" alisema. "Na huyu mwingine nani, mbona ananitazama kama nimeiba shuka?"

"Unajisikiaje, mama?" Pamba alikuwa anahema.

"Mzima. Nimekula, nimeoga. Vidole tu vinachomachoma, kama sindano hivi. Lakini mimi na sindano ni ndugu wa toka nitoke."

"Na midomo?"

Fundi wa nguo aliacha kutabasamu. "Umejuaje?"

Pamba alimgonga kwa kidole kimoja, taratibu, shavuni mbele ya sikio. Pembe ya mdomo wa yule mama iliruka juu yenyewe. Akagonga tena, ikaruka tena.

"Daktari, unanitekenya?"

"Sista, mkanda wa presha."

Mkanda ulifungwa mkononi, ukajazwa pumzi mpaka ukakaza, ukaachwa hivyohivyo. Pamba alisimama na kungoja. Inspekta hakujua wanangoja nini. Alisikia mtu anakohoa kitanda cha pili na gurudumu la toroli linalohitaji mafuta.

Ndipo mkono ulipoanza. Kifundo kilijikunja chini kidogo kidogo. Vidole vikanyooka na kubanana, gumba likaingia ndani ya kiganja, na mkono mzima ukasimama umekakamaa hivyo, kama wa mtu anayetaka kuuingiza kwenye mtungi wenye shingo nyembamba.

"Haunitii!" fundi wa nguo alipiga kelele. "Mkono wangu haunitii!"

Inspekta aliingiza mkono chini ya joho, kwenye mfuko wa shati. Humo alikuwa na picha aliyopanga kumwonyesha hakimu mchana ule, mkono wa mwalimu siku alipofariki. Mara mia alikuwa ameitazama picha ile na kuona mtu anayepigana na sumu. Sasa aliishikilia kando ya mkono wa fundi wa nguo, na mikono ilikuwa miwili lakini umbo lilikuwa moja.

"Mama," alisema Inspekta. "Nani amekuletea maziwa hapa?"

"Maziwa? Nani aniletee mimi maziwa? Ndugu zangu wote wako mbali. Daktari, huyu mtu ana kichaa? Niambie kinachonipata!"

"Ni kosa langu, mama," alisema Pamba. "Sasa hivi nitakueleza. Kwanza nikutibu."

Aliulegeza mkanda. Damu ikachukuliwa, kisha dripu ikafungwa, na Pamba akasukuma dawa ya kalsiamu mwenyewe, polepole mno, huku jicho liko kwenye mashine ya moyo. Baada ya muda fundi wa nguo alisema sindano za vidole zinapungua. Alikunja ngumi, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kwa hiyo naenda nyumbani au siendi?"

"Huendi," alisema Sista, na kumvua viatu. Kisha akatoka kwenda kwenye simu, kuwatafuta wengine wote waliopita chini ya mkasi ule. Inspekta alimsikia kutoka wodini, sauti ya kengele imepasuka. "Usiniulize kwa nini, baba, mlete tu. Mlete sasa hivi!"

Pamba alikaa kwenye kiti cha wageni. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, na hakuitazama.

"Andika maelezo yangu," alisema. "Nitasema yote. Mashine isiguswe na mtu mpaka kila mkono humu ufundishwe upya, kuanzia huu wangu. Lakini niambie kitu kimoja. Kwa nini ulimuuliza habari za maziwa?"

"Kuna mtu niko naye ndani. Wifi wa marehemu. Alikuwa anampa maziwa, na alisema yanamtuliza. Niliona huo ndio uongo wake mkubwa."

"Haukuwa uongo." Pamba aliinua kichwa. "Maziwa yana kalsiamu. Yasingemponya, alihitaji sindano hii. Lakini yangeweza kumtuliza kidogo, na pengine kumsogezea muda wa kufika hapa. Alikunywa mengi?"

"Alikunywa mpaka mama yake alipoyamwaga."

Pamba alifunga macho. Inspekta alivua joho la kijani, akalikunja vizuri kuliko ilivyohitajika, akaliacha kitandani.

*

Kituoni, mama wa marehemu alikuwa kwenye benchi la mapokezi. Alikuwa hapo tangu asubuhi, na kitambaa cha msiba kichwani, anangoja kumwona muuaji wa mwanawe akipandishwa gari. Inspekta alimpita kwa upande, kama mtu mwenye deni, akaenda nyuma akafungua mlango wa mahabusu kwa mkono wake.

Wifi aliinuka, akajifunga upande wa kanga vizuri.

"Kortini?" aliuliza.

"Nyumbani."

Alidhani anataniwa. Inspekta alimweleza amesimama, kwa maneno machache, habari za vitezi, na mkasi, na mkono wa fundi wa nguo. Alipofika kwenye maziwa alisita, lakini alidaiwa na huyu mwanamke ukweli wote, akausema. Wifi alisikiliza bila kupepesa.

"Niliona," alisema. "Akinywa, vidole vinalegea. Akikaa kidogo, vinakaza tena. Sijui kusoma mambo ya dawa, Afande. Niliona tu, nikachemsha mengine. Nilikwambia."

"Uliniambia. Sikukusikiliza. Nisamehe."

"Na lile la usingizi mnono nililisema kweli. Sikatai. Lilikuwa la hasira, wifi na wifi." Alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Sijalala tangu afe."

Inspekta aliusogeza mlango uwe wazi zaidi. Wifi hakutoka.

"Mama yuko wapi?"

"Benchi la mbele. Anakusubiri upandishwe gari."

"Umeshamwambia?"

"Bado. Nimeanza na wewe."

"Mwambie habari ya mkasi," alisema wifi. "Ya maziwa, acha."

"Lazima niandike ripoti. Kila kitu kitaandikwa."

"Andika. Lakini usimsomee." Alimtazama Inspekta usoni kwa mara ya kwanza tangu akamatwe. "Amemzika mtoto, Afande. Hilo moja linamtosha."

Walitoka pamoja. Mama alipomwona wifi hana pingu aliinuka kwa kishindo, mdomo wazi, na Inspekta akawahi kumshika mkono na kumkalisha. Alichuchumaa mbele yake, akamweleza taratibu, akarudia alipoombwa arudie. Mama alisikiliza akitikisa kichwa, hapana, hapana, kama anayekataa kununua kitu, mpaka kichwa kikachoka kutikisika.

"Daktari Pamba?" aliuliza. "Yule mpole?"

"Ndiye. Hakukusudia. Hakujua."

"Kwa hiyo mwanangu hakulishwa kitu."

"Hakulishwa kitu kibaya, mama."

"Kwa hiyo hayakuwa maziwa."

Inspekta alikuwa amewauliza watu maswali maisha yake yote, na hakukumbuka swali lililowahi kumwia gumu hivi. Juu ya kichwa cha mama aliona wifi anamtazama.

"Hayakuwa maziwa, mama," alijibu.

Yule mama alishusha pumzi ndefu. Alimgeukia wifi, akamtazama toka kichwani mpaka miguuni, na aibu ikaanza kumwingia usoni.

"Basi niliyamwaga bure," alisema.

Inspekta alitazama sakafu. Wifi aliinama, akauokota mkoba wa mama uliokuwa umeanguka chini ya benchi, akaukung'uta vumbi.

"Twende nyumbani, mama," alisema. "Watu wa msiba hawajala."